Mbili na Nusu

Katika chumba cha mazoezi cha ile zahanati, tatu haikuwa na kazi. Wagonjwa wote walilijua hilo. Mtu akishasimamishwa kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, mguu mmoja mzito kama si wake, Sista alijipanga mbele yake, mikono ameinyoosha bila kumgusa, akaanza kuhesabu. "Moja. Mbili. Mbili na robo. Mbili na nusu." Na hapo mtu alitakiwa awe ameshapiga hatua. Akichelewa, Sista alitafuta vipande vingine: mbili na nusu na kidogo, na kidogo tena, na kile cha mwisho kabisa, mzee wangu, usinitie aibu. Kuna mama mmoja aliwahi kumfikisha vipande kumi na tisa, chumba kizima kikivunjika mbavu, lakini hatua aliipiga. Ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Sista Nusu, hata kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni.

Hesabu hiyo hakufundishwa chuoni. Aliitoa utotoni, kwa mbwa.

Walikuwa wakikaa nyumba ya kupanga, yeye, mama yao na mdogo wake, Kitinda. Mama alitoka kwenda kazini kwake asubuhi mapema, hivyo kumpeleka Kitinda shule ilikuwa kazi ya dada. Tatizo lilikuwa mbwa wa mwenye nyumba. Alifungwa uani, karibu na geti, na mnyororo wake ulikuwa mrefu kuliko huruma ya mwenye nyumba. Kitinda alikuwa na miaka sita, na kila asubuhi alilia mpaka kamasi zikamlowesha shati la shule. Siku moja dada yake, ambaye naye hakuwa zaidi ya miaka kumi na moja na alikuwa akimwogopa yule mbwa vilevile, akamwambia uongo aliouzua palepale: mbwa huyu hawezi kumuuma mtu kabla ya tatu. Akasimama upande wa mbwa, begi la vitabu mbele yake. "Nipo nyuma yako, mdogo wangu. Kimbia. Moja. Mbili..."

Kitinda alikimbia hivyo miaka minne. Siku moja alianguka katikati ya ua, magoti yakachubuka, akalala pale akisubiri kuliwa. Dada hakufika tatu. Aliongeza nusu, akaongeza kidogo, akaongeza vijidogo visivyo na idadi, sauti ikiwa palepale, mpaka mtoto akainuka na kutoka getini. Ndipo Kitinda alipogeuka akaona mbwa amening'inia kwenye mguu wa dada yake. Kovu lipo mpaka leo, chini ya goti la kushoto, na Sista Nusu hajawahi kuvaa sketi fupi maishani mwake.

Basi hicho ndicho kilichokuwa chao wawili. Wengine wana nyimbo za mama zao, wengine picha ukutani. Hawa walikuwa na nusu.

Kitinda alikua, akasoma mambo ya kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya kutengeneza gemu za simu. Dada yake ndiye aliyemlipia karo mwaka wa mwisho, lakini hilo tuliache, maana hata yeye mwenyewe hakupenda kulitaja. Siku Kitinda alipompigia simu na kumwambia wanamtaka awe sauti kwenye gemu mpya, alicheka mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye vyuma akasahau maumivu.

"Mimi? Sauti yangu hii ya kuita watu kwenye foleni?"

"Hiyohiyo, Dada. Ni gemu ya mazombi. Mchezaji yuko peke yake mjini, wafu wamejaa kila kona. Anayemwongoza ni dada yake, hamwoni, anamsikia tu. Nani mwingine ningemtafuta?"

Angekataaje? Alikwenda siku yake ya mapumziko, bado kavaa sare maana hakuwa na nguo nyingine aliyoiamini mbele za watu. Kitinda alimwingiza kwenye kijichumba kilichozibwa kuta kwa sponji, akamvika vitu masikioni, akakaa upande wa pili wa kioo.

"Hesabu mpaka kumi, Dada, nijaribu mashine."

Alihesabu mpaka kumi kama mtu anayehesabu viazi. Alipofika tatu Kitinda akamkunjia sura kutoka nyuma ya kioo, kama alivyokuwa akifanya mezani wakati wa kula, na kicheko kikamtoka kabla ya nne. Kisha wakaanza kazi yenyewe. "Nipo nyuma yako, mdogo wangu." "Usitazame nyuma." "Kimbia." Na mwishoni Kitinda akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Dada, ile yetu. Moja, mbili, na vipande vyake."

Aliisema macho amefumba. Alipofumbua, mdogo wake alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati. Baadaye akamletea simu, akamwambia aweke jina hapa chini kwa kidole, ni utaratibu tu. Sista Nusu, ambaye hawezi kupokea hata katoni ya glovu bila kusoma maandishi yote ya ubavuni, aliweka jina bila kusoma hata mstari mmoja. Unamsomaje mtu uliyemwosha kamasi? Akapewa boksi la viatu laini, vya kusimamia kutwa nzima, saizi yake kamili. Alivipenda sana.

Gemu ilitoka, ikaitwa Mtaa wa Wafu, na ikashika kama moto wa mabua. Sista Nusu hakuicheza. Simu yake ilikuwa ya kupigia na kupokea, na mazombi aliyaona ni upuuzi. Lakini aliringa nayo, tusimfichie. Na alipompata mgonjwa mpya, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu ambaye kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, akaringa nayo kwa kisingizio cha kazi.

Dereva hakutaka kuminya mpira. "Sista, nimeshika usukani miaka thelathini, leo nichezee mpira wa mtoto?"

"Haya, cheza gemu ya simu. Dole gumba la kushoto ndilo la kukimbilia. Utalifanyisha mazoezi bila kujua. Ipo moja, kaitengeneza mdogo wangu. Na mimi nimo humo."

"Umo wewe?"

"Utanisikia mwenyewe."

Bintiye akamwekea kwenye simu. Wiki ya kwanza Dereva alikuja amechangamka, dole gumba limeanza kutii, ana hadithi za mazombi aliyoyafyeka. Wiki ya pili hakuja. Wala ya tatu. Alipokuja ya nne, mguu ulikuwa umerudi nyuma kama vile hakuwahi kufanya mazoezi. Sista Nusu alimsimamisha kwenye vyuma, hakumgombeza, akanyoosha mikono.

"Moja. Mbili."

Dereva akaganda. Jasho likamtoka, macho yakaacha kumtazama usoni, yakaenda sakafuni.

"Mbili na robo, mzee wangu. Mbili na nus..."

"Sista, basi. Usiendelee. Leo sina."

"Huna nini?"

Sista alimsaidia kukaa kwenye kiti, akamletea maji, akasubiri. Mzee yule aliyewahi kulala porini na lori bovu siku nne bila kumwogopa mtu, alikuwa akikwepa kumtazama kama mtoto aliyevunja sahani. Mwishowe akaitoa simu mfukoni, akaifungua, akamkabidhi.

"Jionee," alisema. "Mimi siwezi kuieleza."

Tuseme ukweli kuhusu Mtaa wa Wafu: mazombi ni ya bure, risasi ndizo za kulipia. Bunduki ya bure hupiga mara tatu ikakwama, na ya kutokwama inauzwa. Viatu vya kukimbilia vinauzwa. Tochi unapewa, betri unanunua. Kuna mlango ambao hauna hata kitasa, lakini una bei. Kila kitu kinanunuliwa kwa almasi, na almasi zinanunuliwa kwa hela yako halisi, hapohapo kwenye simu, kwa kubonyeza mara moja. Sista Nusu aliyapita haya yote akibonyezabonyeza ovyo huku Dereva akimwelekeza, mpaka zombi wa kwanza akamfikia, akamwangusha, na kioo kikawa chekundu.

Kisha akajisikia.

"Nipo nyuma yako, mdogo wangu," ilisema sauti yake, kwa upole uleule wa uani. "Moja... Mbili..."

Na pale chini kikaanza kumeremeta kitufe cha kijani. Mbili na nusu: almasi kumi.

Alikitazama tu, hakuelewa. Ndipo simu ikasema, "Tatu," mlango ukabamizwa, zikasikika hatua za mtu anayeondoka bila haraka, na meno ya mazombi yakafanya kazi yake.

Aliicheza tena. Na tena. Mara ya nne akamwomba Dereva amruhusu kubonyeza kile kitufe. Dereva akasema almasi ziliisha jana. Lakini akamweleza, kwa aibu, namna ilivyo: ukilipa, dada anasema mbili na nusu, nawe unainuka. Ukianguka tena, na utaanguka tena maana imetengenezwa uanguke, anauza "na kidogo" kwa almasi ishirini. Halafu "na kidogo tena" kwa arobaini.

"Nauli ya kuja huku ndiyo iliyoishia humo," alisema Dereva. "Binti yangu ananipa kila wiki. Najua ni mashine, Sista. Mimi si mwehu. Lakini ni wewe. Nilikuwa nikilala pale chini nakusikia unafika mbili, najiambia, huyu mtu hajawahi kunifikisha tatu. Nikawa sitaki uniache. Basi nanunua."

Sista Nusu aliisikiliza ile tatu mara ya tano. Aliijua sasa. Ilikuwa kavu, ya kuhesabia viazi, na mwishoni kabisa, kabla mlango haujabamizwa, kulikuwa na mwanzo wa kicheko. Ile ya kujaribia mashine. Kicheko alichokichekea sura ya mdogo wake, sasa kilikuwa kinamchekea mtu aliyeanguka.

Alirudisha simu, akatoka hadi ua wa nyuma yanakoanikwa mashuka, akampigia Kitinda. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

"Dada! Umekula?"

"Nani aliiweka tatu?"

Kitinda aliacha kutafuna.

"Nilitaka kukwambia, Dada. Ni mambo ya kikao. Walitaka pale mchezaji akianguka ilie kengele tu. Nikaona kengele haina uchungu. Nikawasimulia habari ya mbwa."

"Uliwasimulia."

"Yote. Mpaka kovu. Chumba kizima kilinyamaza, Dada, bosi wetu alitoa kitambaa akajifuta machozi. Mtu mzima yule. Halafu akauliza..." Kitinda akashusha sauti. "Akauliza kama hiyo nusu inauzika."

"Wewe ukasema nini?"

Mashuka yalikuwa yakipigapiga kwenye kamba. Alilishika moja ili lisimpige usoni, akasubiri.

"Nikasema inauzika," alisema Kitinda. Kisha haraka, kama mtu anayefukuzwa, "Lakini hebu fikiria na upande wangu. Aliyekuwa anakimbia ni mimi. Nusu ni yangu pia. Na hivi sasa ndiyo kitu kinachonunuliwa kuliko vyote humo ndani, kuliko hata bunduki. Sauti yako, Dada. Watu wanakupenda."

Alikata simu. Hakulia. Aliumia kuliko kulia, aliumia mahali ambapo hata hakujua pana maumivu, maana mbwa yule alimng'ata mara moja tu, na alikuwa mbwa.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu pale kazini. Alijaribu kuwaamrisha wagonjwa kulia-kushoto kama askari, hawakwenda. Alijaribu kupiga makofi, wakawa wanacheka. Ikabainika kwamba si Dereva peke yake aliyekuwa na Mtaa wa Wafu. Kwenye foleni ya nje kijana mmoja aliyesindikiza mtu alimsikia akiita majina, akamgusa mwenzake ubavuni, akasema kwa sauti ya kubana pua, "Tatu!" na benchi zima likaangua kicheko. Wakicheka hawakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Na yule mama wa vipande kumi na tisa alimwambia wazi, bila kumficha, "Sista, siku hizi ukianza kuhesabu nasikia kama unanidai."

Jumapili ya tatu, alasiri, Kitinda akabisha hodi. Alikuwa na boksi la viatu mkononi na begi begani, na sura imemchakaa kama hajalala. Dada yake alimfungulia. Alimfungulia kwa sababu ni mdogo wake, na kwa sababu tangu siku ile alikuwa akilala na kuamka na kitu kimoja tu kichwani: kwamba atakuja mwenyewe, atasema, ile tatu itatolewa, nao watakuwa watu tena. Zaidi ya hapo hakutaka kitu. Hakutaka hela, hakutaka hata maelezo.

Kitinda alikunywa chai akamaliza kikombe. Kisha akateremka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la dada yake, lile la kushoto.

"Nisamehe, Dada. Nilikukosea. Nimekuwa naisikia ile tatu kila ninapojaribu gemu, na kila mara nageuka. Mimi mwenyewe niliyeiweka."

Mkono wa dada ukamwendea kichwani kabla hajaamua. Nywele zilikuwa zilezile, ngumu, zinazovunja chanuo.

"Mtaitoa?" aliuliza.

"Nimeipigania sana. Wamekubali. Tatu inatoka wiki hii."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yale aliyoyanyima nafasi kwenye mashuka. Alishukuru kimoyomoyo, akamwambia inuka, utachafua suruali, akaenda kumwongezea chai. Alikuwa jikoni, birika mkononi, alipomsikia akifungua zipu ya begi.

Aliporudi, kulikuwa na kinasa sauti kidogo mezani, kimesimamishwa juu ya boksi la viatu, na pembeni yake karatasi.

"Ni hivi, Dada," alisema Kitinda, na ile sauti ya sakafuni ilikuwa imeshakwisha, hii ilikuwa ya vikaoni. "Tulichogundua ni kwamba mtu akisikia tatu anakasirika, anaifuta gemu. Tunampoteza. Kumbe hakuna haja ya tatu kabisa! Kama zamani. Hujawahi kunifikisha, hutamfikisha yeyote. Ila inabidi viwepo vipande vingi, vidogovidogo, bei ya chini, ili hata asiye na kitu amudu kimoja. Nimekuandikia."

Alisoma. Mbili na thumni. Mbili na sudusi. Mbili na robo. Mbili na thuluthi. Viliteremka hivyo mpaka mwisho wa karatasi, vimechapwa vizuri, na mbele ya kila kimoja idadi ya almasi. Upande wa nyuma vikaendelea. Alimfikiria Dereva amelala chini kwenye kioo chekundu, ananunua thumni, ananunua sudusi, na mlango hata haubamizwi ili aweze kukata tamaa aende nyumbani.

"Na watu wangu?" aliuliza. "Wagonjwa?"

"Wagonjwa gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Hakujua tu. Dada yake aliiweka ile karatasi mezani, akakaa, akavuta kiti karibu na kinasa sauti.

"Kiko tayari?"

Uso wa Kitinda ukang'aa. "Nilijua utanielewa. Nilijua tu." Akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. "Jaribu kidogo, nione kama inashika vizuri. Hesabu."

Kichumba kilikuwa kimya, hata jirani alikuwa amezima redio. Sista Nusu alimtazama mdogo wake: miaka thelathini na moja, kitambi kinaanza, kidole kimeinuliwa hewani kumpa ishara. Mabega yalikuwa yameinama mbele kidogo na kisigino cha kulia kimeacha sakafu, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Sidhani alijua kwamba anafanya hivyo.

"Moja," alisema, kwa ile sauti ya uani.

Kitinda akaitikia kwa kichwa kuonyesha inashika vizuri.

"Mbili."

Akatabasamu, akasubiri nusu.

"Tatu."

Kidole kilibaki hewani. Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Sista Nusu aliinuka, akafungua mlango, akasimama pembeni yake. Na Kitinda, kabla hajasema lolote, kabla hata hajachukua begi lake, aligeuka akatazama nyuma yake.